Zoezi la Thelathini

Nyumbani kwa akina Hoeksema kulikuwa na viti vitano na stuli moja, na hakuna aliyehitaji kuuliza stuli ni ya nani. Ilikuwa ya Janna. Alianza kuikalia siku alipotolewa kwenye kiti cha mtoto mchanga, na sasa alikuwa na miaka kumi na saba, miguu mirefu kama korongo, magoti yakigonga meza kila alipoinamia supu. Viti vitatu kati ya vile vitano vilikuwa vitupu mwaka mzima. Kimoja cha bibi yake, Alida, aliyelala makaburini nyuma ya kanisa. Viwili vya wajomba, mmoja yuko Oregon, mwenzake Florida. Lakini katika nyumba ile mtu hakalii kiti cha mwingine, awe hai, awe mfu, awe Florida.

"Nikikuruhusu ukalie kiti cha bibi yako," Babu Gerrit alikuwa akimwambia, "kesho utataka na meno yake."

Viti vyote vitano alivitengeneza mwenyewe kwa mti wa mwaloni, enzi alipokuwa fundi wa kiwanda cha samani pale mjini kwao, Vriesburg. Alikuwa ameanza cha sita, cha mjukuu, wakati msumeno wa mkanda wa kiwandani ulipomchukua vidole vitatu vya mkono wa kulia. Tangu hapo akihesabu kumi anaishia saba, na usipocheka anakuhesabia tena. Mama yake Janna, Luanne, hakucheka. Juma lile lile aliuza mashine zote zilizokuwa ghalani, hata ya kukerezea, ile inayozungusha ubao ukichongwa, na babu alirudi kutoka hospitali akakuta sakafu imefagiwa. Kilichobaki ni sanduku moja chini ya turubai: miguu miwili iliyokerezwa, na mbao zilizochorwa kwa penseli mahali pa kukata.

Sasa, shuleni kwao Janna kulikuwa na somo moja ambalo watu walikuwa wakilipigania. Useremala. Linafundishwa kipindi cha tatu tu, kwa wa mwaka wa mwisho tu, nafasi kumi na sita, na kila mwanafunzi lazima atengeneze kiti kimoja na kukikalia mbele ya wenzake. Karakana ina kila mashine ambayo Mama Luanne aliiuza. Tatizo ni kwamba kipindi hicho hicho cha tatu Janna alipangiwa elimu ya viungo, deni la mwaka wa kwanza, alipovunjika kifundo cha mguu, na bila kulimaliza deni hilo hapati cheti.

"Lifanye mtandaoni kiangazi hiki," Bi. Kooiker, mshauri wa masomo, alimwambia bila kuinua macho. "Mazoezi thelathini. Ukimaliza, kipindi cha tatu kinabaki wazi, nakuingiza useremala. Usipomaliza, tunaonana uwanjani."

Hakuwa peke yake. Nusu ya darasa lake walikuwa wakifanya hivyo hivyo: huyu kasoma uraia Juni nzima apate nafasi ya kujifunza kuoka, yule kalimaliza somo la afya ili apulize tarumbeta. Watoto wa Vriesburg kiangazi walisoma kama watu wanaokimbiza basi, ili Septemba wapate saa moja tu ya kufanya wanachokipenda.

Alipomweleza babu yake, mzee aliweka kijiko chini. Kisha akatoka kwenda ghalani, akarudi na sanduku, akaliweka mezani katikati ya sahani.

"Huu mguu wa tatu," akasema, akigusa mchoro wa penseli, "uanzie juu. Ukianzia chini utaniaibisha kwa Terpstra."

Terpstra ndiye mwalimu wa useremala, na zamani alikuwa kijana aliyefundishwa kazi na babu kule kiwandani.

"Bado sijaingia darasani, Babu."

"Utaingia. Mimi nitakaa hapa nikusubiri. Hizi pembe za meza zimechoka magoti yako."

*

Elimu ya viungo ya mtandaoni ilikuwa hivi: unavaa saa mkononi, saa inasoma mapigo ya moyo, na moyo wako lazima upige zaidi ya mara mia na ishirini kwa dakika, kwa dakika arobaini mfululizo. Saa inapeleka yenyewe kila kitu kwa mwalimu ambaye Janna hakuwahi kumwona, isipokuwa picha yake ndogo ya duara, amevaa filimbi shingoni. Mazoezi manne kila juma, na juma linafungwa Jumapili saa sita usiku. Ukikosa matatu kwa jumla, mtandao unakufuta wenyewe.

Kumi ya kwanza Janna aliyakimbia kwa miguu yake, akizunguka mashamba. Kisha bluberi zikaiva mapema. Banda la kupangia matunda alikokuwa akifanya kazi likaanza saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri, mara nyingine hadi jioni, siku sita za juma. Kule unasimama mbele ya mkanda unaotembea, unaokota matunda mabovu, majani na chura mmoja mmoja. Jioni miguu imevimba kama mikate, na moyo haujapiga hata mara tisini. Na saa huruhusiwi kuvaa, isije ikaangukia kwenye matunda ya watu. Saa ya Janna ilikuwa ikishinda rafuni jikoni, karibu na vidonge vya babu.

Akakosa moja. Akakosa la pili. La tatu akamfungia mbwa ile saa.

Mbwa wao Bosco alikuwa mnene na mvivu, lakini siku hiyo aliona kindi. Moyo ukapanda hadi mia na tisini na nane, na kabla Janna hajamkamata ujumbe ulishaingia: *Janna, uko salama? Tafadhali kaa chini na umwone daktari.*

Babu alicheka hadi ikabidi avue miwani.

"Mbwa kafeli," akasema. "Nipe mimi hiyo saa."

"Babu, acha mzaha."

"Mzaha gani? Nikipanda ngazi tu moyo unafika mia na kumi. Moyo wangu ndio mwanafunzi bora shule nzima, haujapata tu mahali pa kusomea. Ile mashine ya mkono ya kukata nyasi, nikiisukuma dakika arobaini, mwalimu wako atalia kwa furaha."

"Daktari alisema nini?"

"Alisema nitembee."

"Utembee. Hakusema usukume mashine."

"Na mashine inasukumwaje, kwa kukaa?"

Janna alikataa. Tuseme ukweli: alikataa kama mtu anayekataa kipande cha pili cha keki, mkono mmoja ukisukuma sahani na mwingine haujaiachia. Kesho yake alipotoka kazini alikuta nyasi za nyumbani zimekatwa, mistari imenyooka kama imepigwa kwa rula, na kwenye simu yake: *Zoezi la 11 limekamilika. Wastani wa mapigo 131. Hongera!* Babu alikuwa barazani amekunja miguu, uso mwekundu, anakunywa maji ya limau kama mtu aliyeshinda mbio za taifa.

"Mwalimu kasemaje?" akauliza.

"Kasema hongera."

"Miaka sabini na nne. Hii ndiyo mara yangu ya kwanza kusifiwa na mwalimu. Mwambie asante, lakini kwa sauti ya msichana."

Wakaendelea hivyo Julai nzima. Siku Janna anapotoka mapema anakimbia mwenyewe; siku nyingine babu anakata nyasi. Nyasi za nyumbani hazikuweza kuota upesi kiasi hicho, basi akahamia kwa jirani, Bibi Wierenga, mjane ambaye kwa miaka alikuwa akimlipa mtu wa kukata na sasa hakuelewa amemfanyia nini Mungu. Mama Luanne alikuwa mpishi kwenye nyumba ya wazee, anatoka alfajiri; aliona tu kwamba baba yake anakula vizuri na analala mapema, akafurahi. Hakuna aliyemwambia. Wakati wa chakula wawili wale walikuwa wakitazamana juu ya supu na kubana vicheko, babu akimkanyaga Janna mguu chini ya meza.

"Kuna nini?" Mama Luanne aliuliza siku moja.

"Moyo wangu unasoma," alisema babu, akamwongezea viazi.

*

Ijumaa ya mwisho yalibaki mawili. Juma lilikuwa linafungwa Jumapili, na kozi nzima nayo. Joto lilikuwa limekaa juu ya Vriesburg siku nne bila upepo, hata ndege walikuwa wanatembea. Janna na babu walikaa barazani, babu akimumunya pipi ya mnanaa, ile ile anayoitoa mfukoni kanisani mahubiri yakianza.

"Kesho wewe fanya moja tu," Janna alimwambia. "Asubuhi, kabla jua halijapanda. La mwisho nitakimbia mwenyewe Jumapili, tukitoka kanisani."

Pipi iliacha kuzunguka mdomoni.

"Jumapili?"

"Dakika arobaini, Babu. Nitapita barabara ya nyuma. Hakuna atakayeniona."

"Mwenye Jumapili yake ataona."

"Mungu ana kazi nyingi, hawezi kukaa anachungulia barabara ya nyuma."

"Huko ndiko anakoanzia kuchungulia. Wanaomkimbia wote wanapita huko." Alicheka kidogo, lakini si na macho. "Bibi yako hakuwahi kumenya hata kiazi Jumapili. Vyote alivimenya Jumamosi, vinalala kwenye maji."

"Basi na mimi nimenye mbio zangu Jumamosi? Niko bandani hadi saa tisa, na nikitoka siwezi hata kupanda ngazi."

Mzee aliutazama mkono wake wa vidole viwili, akaugeuza.

"Nimekusikia," akasema.

Janna alishusha pumzi. Alijua si jambo dogo alilomwomba. Huyu ni mtu ambaye kumdanganya mwalimu kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi hakukumnyima usingizi, lakini msichana wa nyumbani kwake kukimbia siku ya Bwana kwa ajili ya alama za shule kulimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Janna alidhani amemeza. Alimbusu kwenye upara, akaenda kulala, na asubuhi aliiacha saa rafuni.

Mkanda wa matunda ulizimwa saa tisa. Simu zilikuwa zinafungiwa kabatini. Alipoitoa ya kwake alikuta ujumbe mmoja wa saa moja asubuhi: *Zoezi la 29 limekamilika.* Alitabasamu. Chini yake kulikuwa na mwingine, wa saa nane na dakika kumi. *Zoezi la 30 limekamilika. Wastani wa mapigo 151, juu kabisa 168. Juhudi yako kubwa kuliko zote! Hongera, Janna, umemaliza kozi.*

Aliusoma amesimama kwenye mlango wa banda, wenzake wakimpita. Mara ya kwanza alichokiona ni neno *umemaliza*. Tutamsamehe kwa hilo. Yeye hakuwahi kujisamehe. Ilikuwa kama pumzi mbili tu, za furaha safi kabisa, akiona kiti kile kizima kizima mbele yake. Kisha akaiona saa nane. Akaliona jua.

Kulikuwa na ujumbe wa tatu. *Inaonekana umevua saa yako. Usisahau kuichaji.*

Alikimbia. Kutoka bandani hadi nyumbani ni maili mbili na robo, na hakuwa na saa mkononi, kwa hiyo mbio hizo hazipo popote.

Mashine ya nyasi ilikuwa imesimama katikati ya uwanja wa Bibi Wierenga. Nyuma yake mistari iliyonyooka, mmoja baada ya mwingine, kijani iliyokolea na kijani iliyofifia. Mbele yake nyasi ndefu. Mstari wa mwisho ulikuwa umefika nusu. Bosco alikuwa amelala kando yake. Bibi Wierenga alikuwa amekaa kwenye ngazi ya baraza, mikono mapajani, amevaa viatu visivyofanana.

"Wameshamchukua, mwanangu," alisema. "Nilimwambia Gerrit, jua hili, ingia ndani unywe kitu. Akaniambia, 'Bado nina dakika sita.' Nikamuuliza, dakika sita za nini? Akasema, 'Za mtihani.' Nilidhani ananitania. Si unamjua."

*

Hospitali walivirudisha vitu vyake kwenye mfuko wa plastiki: miwani, kitambaa, pipi za mnanaa zilizobaki nusu, na saa. Daktari alikuwa mpole. Mishipa ilikuwa imeziba miaka mingi, alisema; ingeweza kuwa juma hili au Krismasi, akiwa amelala au amekaa mezani. Mama Luanne aliyashika maneno hayo na kuyarudia kwa kila aliyekuja. Juma hili au Krismasi. Janna naye alikuwa na yake, kwenye simu. Mchoro wa zoezi la thelathini ulikuwa pale pale, mstari mwekundu: dakika arobaini za milima na mabonde, kisha dakika tatu zaidi, zikishuka, kisha karatasi nyeupe.

Dakika tatu. Babu alimaliza, akasimama, akapata dakika tatu.

Baada ya mazishi watu walikula mikate yenye nyama ya nguruwe kwenye ukumbi wa chini ya kanisa, kama wanavyokula siku zote, na wazee wa kiwandani wakahesabu hadi saba na kucheka huku wakijifuta macho. Jioni nyumba ilipobaki na watu wawili, Mama Luanne alikivuta kiti cha baba yake, akakipangusa kwa kiganja.

"Kaa hapa."

"Nina stuli."

"Janna, stuli hiyo itakuvunja magoti. Kaa."

Ndipo Janna alipomwambia. Alianza na mbwa, kwa sababu hapo ndipo ilipokuwa rahisi, na akamaliza na Jumapili. Mama yake alisikiliza amesimama, mkono ungali juu ya mgongo wa kiti.

"Nilikuwa nayafua mashati yake," alisema mama. "Jasho lile lote. Nikajisemea, mzee anatunza bustani."

"Nitawaandikia. Nitasema si mimi."

"Hutaandika kitu." Sauti yake ilikuwa kavu. "Baba yangu amekufa akikutafutia hiyo nafasi, halafu wewe uirudishe? Uende ukasimame pale karakana, utengeneze kiti chake. Alikuachia hicho, Janna. Hakuacha kingine."

"Alilifanya la mwisho kwa sababu mimi nilisema nitakimbia Jumapili."

"Alilifanya kwa sababu alikuwa na kichwa kigumu kuliko mwaloni! Usimnyang'anye hata hilo."

Janna aliivuta stuli yake, akakaa. Hakuandika siku ile, wala Agosti yote. Ratiba ilikuja kwa posta: *Kipindi cha 3, Useremala, Bw. Terpstra.* Mama yake aliibandika kwenye friji kwa sumaku, akasimama kuitazama mara nyingi alipodhani haonekani.

*

Siku ya kwanza ya Septemba alilibeba sanduku hadi shuleni. Karakana ilinuka vumbi la mbao na gundi, harufu ambayo zamani ilikuwa ikitoka kwenye shingo ya babu kila alipomkumbatia. Meza ya kumi na sita ilikuwa dirishani, ikitazama uwanja wa michezo. Bwana Terpstra, mtu mkubwa mwenye masikio ya kushangaza, aliwapitia wote, kisha akafika kwake. Alilifungua sanduku taratibu. Akautoa mguu mmoja uliokerezwa, akaupitisha kwenye vidole vyake vyote kumi.

"Hii ni mikono ya Gerrit," akasema. "Hakuna mtu mwingine anayemalizia shingo ya mguu hivi. Alikuwa akinipiga kofi la kisogo nikiikosea."

"Aliniambia nianzie juu."

"Angekuambia nini kingine!" Alicheka, akajifuta pua kwa kiwiko. "Alinipigia simu Julai, unajua. Kila juma. Ananitesa. 'Terpstra, niwekee meza ya dirishani. Huyo mtoto anatoka banda la matunda miguu imevimba na bado anakimbia. Ungemwona anavyokimbia, Terpstra. Anakimbia kama paa.' Nikamwambia, mzee, nimesikia, paa. Akasema, 'Hujasikia, wewe masikio yako ni ya urembo.' Alijivunia mbio zako hizo kuliko viti vyake vyote."

Msichana wa meza ya pili aligeuka akatabasamu. Mtu aliwasha mashine ya kukerezea mwisho wa chumba.

Janna alishika ukingo wa meza. Alikuwa amejiandaa kwa harufu, kwa michoro ya penseli, hata kwa huruma. Hakujiandaa kukuta kwamba babu yake alikuwa amekaa Julai nzima kwenye simu, jasho halijakauka, akimpa yeye mbio zake mwenyewe, moja baada ya moja, na kumsifia.

"Sikukimbia mimi," akasema.

"Nini?" Mashine ilikuwa inaunguruma.

"Sikukimbia mimi, Mwalimu. Kumi na sita ndiyo yangu. Kumi na nne yalikuwa ya kwake. Hata la mwisho."

Bwana Terpstra aliinua mkono na mashine ikazimwa. Alimtazama, akautazama mguu wa kiti, akaurudisha sandukuni kama anayelaza mtoto. Ilimchukua muda kuelewa, na alipoelewa masikio yake yalibadilika rangi.

"Nani mwingine anajua?"

"Mama."

"Basi sikusikia." Aliinama, sauti ikashuka. "Mtoto, sikiliza. Masikio yangu ni ya urembo, alisema mwenyewe. Kaa. Chukua msasa. Uanze kazi."

Alikuwa anamaanisha, na mlango ulikuwa wazi kabisa, na Janna alitamani kukaa kuliko alivyowahi kutamani kitu. Aliuona mguu wa tatu ndani ya ubao, mahali penseli ilipopita. Alijua pia kwamba kila akikikalia kiti hicho, magoti yakiwa yamepumzika vizuri chini ya meza, atasikia *hongera*.

"Aliwaambia watu ni mimi," akasema. "Sitaki wafikiri ni mimi."

Bi. Kooiker hakupiga kelele. Aliandika, akampa kitambaa, akaandika tena. Kozi nzima ilifutwa, yote thelathini, hata yale kumi na sita. Elimu ya viungo, kipindi cha tatu, kuanzia kesho. Na useremala hauna nafasi ya pili kwa mtu wa mwaka wa mwisho. Alipogongea muhuri, alisema polepole, "Ungeweza kunyamaza, unajua," na haikuwa wazi kama anamsifu au anamlaumu.

Nyumbani, Mama Luanne aliiondoa ratiba kwenye friji. Usiku huo hawakula pamoja. Kesho yake asubuhi, kabla hajaenda kazini, aliweka uji mezani mbele ya stuli, akamkanyaga mguu chini ya meza, taratibu, kama alivyokuwa akifanya babu.

*

Darasa la elimu ya viungo lilikuwa la watoto wa mwaka wa kwanza, miaka kumi na minne, na Janna alionekana kati yao kama nguzo ya umeme.

"Dada, wewe umefeli mara ngapi?" mmoja alimuuliza.

"Mara moja," akasema. "Lakini vizuri sana."

Wakaambiwa wazunguke uwanja dakika arobaini, saa mikononi. Kila mzunguko ulimpitisha mbele ya dirisha la karakana. Nafasi ya kumi na sita haikupata mtu; Terpstra aliiacha hivyo, na sanduku lilikuwa juu ya meza, kifuniko wazi. Akikaribia, mngurumo wa mashine ya kukerezea unakua na mbao zinaonekana. Akipita, zinabaki nyuma. Mzunguko unaofuata, tena.

Dakika ya arobaini saa ilitetemeka mkononi, *hongera*, na watoto wote wakajitupa kwenye nyasi kama nguo zilizoanguka kambani. Mwalimu akapiga filimbi. Janna hakusimama. Aliendelea peke yake kwenye mstari mweupe, dakika moja, wakamcheka. Ya pili, wakanyamaza. Ya tatu ilimkuta katikati ya upande mrefu, nyuma yake mstari umenyooka, mbele yake mstari umenyooka. Akasimama hapo.

Moyo ulikuwa unampiga masikioni. Aliusikiliza mpaka ukaanza kushuka, akafungua mkanda, akaivua saa.